Mtandao Unasingiziwa

Kutoka Kilakala, Morogoro, hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 195. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo za mkongo wa mawasiliano hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo ujumbe unaotoka hapa chini ya Uluguru, ukafika Dar na kurudi, unahitaji milisekunde 2 za safari. Tuseme mkongo unapinda, unapita kwenye mitambo mingi, na kabla ya hapo ujumbe umeruka hewani hadi mnara wa simu. Tuzidishe mara 50. Bado ni milisekunde 100, yaani moja ya kumi ya sekunde.

Sasa mhitimu wa kidato cha sita ameketi kwenye stationari hapa Kilakala, anajaza fomu ya maombi. Anabofya, ukurasa unageuka mweupe, kiduara kinazunguka dakika nzima, kisha mwenye stationari anatoa hukumu ambayo Watanzania wote tumeizoea: "Mdogo wangu, mtandao unasumbua, njoo baadaye." Safari ya mtandao imechukua moja ya kumi ya sekunde. Sekunde 59 na ushei zilizobaki zimekwenda wapi?

Swali hilo haliulizwi. Haliulizwi na mwenye stationari, ambaye hana namna ya kujua. Haliulizwi na ofisi iliyonunua mfumo. Na kinachonikera kuliko vyote, haliulizwi na sisi tunaotengeneza mifumo hiyo. Wengi wetu tumekubaliana kimyakimya kwamba programu ya wavuti inayotegemea API ya taasisi nyingine, yaani mlango wa mifumo kuulizana, haiwezi kuwa na kasi zaidi ya hiyo API. Wenzetu wakichelewa, nasi tunachelewa. Wakizima, nasi tunazima. Tunachoweza ni kuweka kiduara, kuongeza taimauti (kikomo cha kusubiri) na kumwomba mteja awe mvumilivu. Imani hii inafundishwa kazini, inaandikwa kwenye ripoti za mradi, inasemwa mbele ya wakurugenzi nao wanatikisa kichwa. Nasema imani hii ni potofu, na hasara yake inabebwa na watu wasiokuwa na chochote cha kubebea.

Nianze kwa haki. Zipo siku mtandao unasumbua kwelikweli. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zikapata mawasiliano ya kusuasua au zikakosa kabisa. Siku kama ile hakuna mtengeneza mfumo wa kulaumiwa. Wakubwa wetu wanakumbuka pia miaka ya kabla ya Julai 2009, mkongo wa Seacom ulipoanza kazi Dar es Salaam, ambapo intaneti ilipita kwenye setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi kulichukua nusu sekunde au zaidi. Nadhani lugha ya "mtandao unasumbua" ilizaliwa enzi hizo, wakati ilikuwa kweli. Lakini tangu hapo mkongo wa taifa umefika mikoani, minara imepanda hadi kwenye vilima vya Uluguru, simu zimekuwa za 4G, na kauli imebaki ileile, kana kwamba hakuna kilichojengwa. Hata setilaiti ya zamani ilichukua nusu sekunde, haikuchukua dakika.

Dakika inapotelea kwingine. Mhitimu akibofya, kivinjari chake kinaongea na seva ya mfumo anaoutumia. Seva hiyo inafungua mazungumzo na seva ya taasisi ya pili, labda kuhakiki namba ya mtihani, labda kuomba kontroli namba ya ada. Ile ya pili ina foleni yake, ina hifadhidata yake yenye mamilioni ya kumbukumbu, na mara nyingine inategemea taasisi ya tatu. Kama ni malipo ya simu, kuna na binadamu ndani ya mnyororo: ujumbe unatokea kwenye simu ya baba aliye Matombo, baba anatafuta miwani, anakumbuka namba ya siri, anakosea, anarudia. Hakuna mkongo utakaoharakisha mambo hayo. Wakati wote huo seva ya kwanza imekaa tu, imeushika mkono wa mhitimu, haimwachii wala haimwambii kitu.

Mambo hayo yanachukua muda kwa asili yake. Walioyajenga walijua, na ndiyo sababu hoja ya "hatuna la kufanya" inanishangaza.

Chukua GePG, lango la malipo ya Serikali ambalo tangu 2017 limezifanya ada, faini na ankara za taasisi za umma zilipwe kwa kontroli namba. Taasisi ikituma ankara, GePG haiifanyi isubiri mpaka namba ipatikane. Inajibu kwanza kwamba imepokea. Kontroli namba yenyewe inakuja baadaye, kwa ujumbe mwingine, kwenye anwani ambayo taasisi imeiandaa kuupokea. Mtu akishalipa, taarifa ya malipo nayo inaletwa kwa ujumbe wake, na taasisi inakiri kuipokea. Daraja ya Safaricom, API ambayo watengeneza programu wa Kenya wanaitumia kwa malipo ya M-Pesa, imejengwa kwa mtindo huohuo: ukituma ombi la kumsukumia mteja ujumbe wa malipo, jibu la haraka linasema tu kwamba ombi limekubaliwa kushughulikiwa na linakupa namba ya kulitambua; matokeo yanaletwa baadaye. Hata itifaki ya wavuti, iliyotungwa mbali na sisi, ina namba maalumu ya jibu kwa hali hii, 202, yenye maana kwamba ombi limepokelewa na kazi bado inaendelea.

Kwa hiyo wenye mifumo ya nje walitupa hatua mbili zilizotenganishwa. Sisi ndio tunazishona zikawa moja. Tunapokea "nimepokea" ya GePG, halafu tunamficha mwombaji jibu hilo, tunaifanya seva yetu ikae kwenye kitanzi ikijiuliza kila sekunde kama kontroli namba imefika, na mwombaji anakodoa macho kwenye kiduara. Kisha tunasema GePG iko chini. GePG ilijibu zamani.

Dawa inayopendwa ofisini ni kuongeza taimauti. Ilikuwa sekunde 30, weka 60. Ikishindikana weka 120. Tufanye hesabu, maana hapa hesabu ndiyo inayoumbua. Seva ina uwezo wa kushughulikia maombi 20 kwa wakati mmoja, jambo la kawaida kwa seva ndogo zinazokodishwa na taasisi zetu. API ya nje ikijibu kwa nusu sekunde, seva hiyo inahudumia maombi 2,400 kwa dakika. API ikilegea ikajibu kwa sekunde 30, inahudumia 40. Ukiongeza taimauti hadi 60 na API ikaitumia yote, inahudumia 20. Kanuni hii aliithibitisha John Little mwaka 1961 alipokuwa akichunguza foleni, na haijali kama seva iko Morogoro au Marekani: idadi ya walio ndani ni kasi ya wanaoingia mara muda anaokaa kila mmoja. Anayeongeza muda wa kukaa bila kuongeza nafasi amefunga mlango.

Na ubaya wake ni kwamba mlango unafungwa kwa wote. Zile nafasi 20 zikishikwa na watu wanaosubiri kontroli namba, yule aliyetaka kusoma tu tangazo la mwisho wa maombi hapati ukurasa. Aliyetaka kubadili namba ya simu hapati. Kosa la API moja limeenea kwenye mfumo mzima, na mtu wa nje anaona kitu kimoja: mfumo uko chini. Hauko chini. Umekaa macho, umejaa watu waliosimamishwa bila sababu.

Ipo na hatari iliyojificha kwenye zana zenyewe. Maktaba ya requests inayopendwa na wanaoandika kwa Python haina kikomo cha kusubiri isipokuwa umekiweka mwenyewe. cURL ya PHP, ambayo naamini inabeba nusu ya mifumo ya ofisi zetu, nayo kwa kawaida yake haina kikomo cha muda wa ombi zima. Lakini Nginx, seva ya wavuti iliyokaa mbele yake, kwa kawaida hukata tamaa baada ya sekunde 60. Hapo kinatokea kituko: Nginx imeshamwambia mteja kwamba imeshindikana, na nyuma yake programu bado inaendelea na kazi, inaipata kontroli namba au inakamilisha malipo, na haina wa kumpa jibu. Mteja ameondoka na habari ya uongo.

Hapa ndipo nataka kukaa zaidi, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Mfumo ukiuliza swali nje, majibu yanayowezekana ni matatu. Imekubaliwa. Imekataliwa. Haijulikani bado. Mifumo yetu mingi imejengwa ikijua mawili tu, na jibu la tatu inalisukumia kwenye la pili. Muda ukiisha, kioo kinaandika kwa herufi nyekundu kwamba muamala umeshindikana, tafadhali jaribu tena. Nani amesema umeshindikana? Kilichotokea ni kwamba tuliacha kusikiliza. Ujumbe unaweza kuwa ulifika na pesa zimekatwa. Unaweza kuwa uko njiani. Unaweza kuwa haukufika. Kuandika "umeshindikana" ni kumpa mtu ushahidi wa jambo ambalo hatukulishuhudia.

Naye anatuamini. Anajaribu tena kama alivyoelekezwa, na anakatwa mara ya pili. Halafu inaanza safari ya kurejeshewa: namba ya huduma kwa wateja, barua, nakala ya meseji, "fika ofisini na kitambulisho". Kwa mwenye mshahara hiyo ni kero. Kwa binti ambaye ada yake ilichangwa na shangazi wawili na mjomba, ni msimu wa maombi umekwenda.

Ufumbuzi wake unajulikana na ni wa zamani. Kila nia ya mteja ipewe namba yake ya kipekee pale anapobofya mara ya kwanza, kabla ya kuuliza chochote nje. Namba hiyo iandikwe kwenye hifadhidata yetu, na isafiri na ombi kila linapotumwa. Mteja akibofya mara tano, ni nia ileile, namba ileile, na makato yawe moja. Muda ukiisha bila jibu, rekodi inabaki na hali ya "haijulikani", na programu ya nyuma ya pazia inaendelea kuuliza kwa taasisi ya nje hali ya muamala wenye namba ile, mpaka ipate ndiyo au hapana. Daraja ina njia ya kuuliza hali ya muamala. GePG ina utaratibu wa kulinganisha hesabu za siku. Wametuwekea mlango wa kuuliza, sisi hatugongi.

Na kioo kiseme ukweli. "Tumepokea ombi lako saa 4:10 asubuhi. Bado tunasubiri uthibitisho wa malipo. Usilipe tena. Tutakutumia meseji." Maneno hayo yanaandikwa kwa dakika moja. Nimeshuhudia wenzangu wakiyakataa kwa hoja kwamba yanaonesha udhaifu wa mfumo. Udhaifu upo, na mteja anaujua tangu zamani. Asichokijua ni kama alipe tena au asilipe, na hilo ndilo tunalomnyima.

Nyumba nyingi hapa Kilakala zina simtanki. Bomba likitoa, tangi linajaa. Bomba likikauka, watu wanaoga na kupika, na hakuna anayesimama na ndoo chini ya bomba akingoja zamu ya maji. Mji ulijifunza kuishi na bomba lisilotabirika bila kuacha kudai bomba lililo bora. Programu inayotegemea API ya nje inahitaji kitu cha namna hiyo, pande zote mbili: mahali pa kutunza majibu tuliyokwisha kupewa, na mahali pa kutunza maombi tuliyopokea yakisubiri kwenda.

Upande wa kwanza unapuuzwa mno. Matokeo ya mtihani wa mwaka juzi hayabadiliki leo. Orodha ya kata za Manispaa ya Morogoro haibadiliki kila asubuhi. Bei ya dola hubadilika, lakini ya saa moja iliyopita, ikiwekwa pamoja na saa yake, inamfaa anayetaka kukadiria. Bado utakuta mfumo unaouliza nje vitu hivi upya kila ukurasa unapofunguliwa, kwa kila mtu, kisha unaanguka kwa sababu mwenye orodha ya kata amechelewa kujibu. Tunza nakala, ionyeshe papo hapo, na ihuishe nyuma ya pazia. Kanuni za wavuti zina utaratibu rasmi wa kufanya hivi tangu 2010.

Wapinzani wangu wana hoja wanayoipenda, nayo ina uzito: mteja anataka jibu papo kwa papo, ukimwambia "tumepokea, subiri meseji" atakwenda kwa mwingine. Naiheshimu hoja hii kwa sababu inamjali mteja. Lakini tazameni kitu ambacho Watanzania wamekiamini kwa pesa zao tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008. Kilichowafanya watu waache kupeleka pesa kwa makondakta wa mabasi ni meseji yenye namba ya muamala, jina la mpokeaji na salio. Meseji inaweza kuchelewa, na watu wanavumilia. Wasichovumilia ni kutokuwa na cha kuonyesha. Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 mipaka ambayo watafiti wengi bado wanaitumia: mtu huhisi jibu ni la papo hapo likija ndani ya moja ya kumi ya sekunde, mtiririko wa mawazo yake hukatika likizidi sekunde moja, na baada ya sekunde 10 akili yake huhama. Mipaka hiyo inahusu jibu, haihusu kukamilika kwa kazi. "Tumepokea, namba yako ni hii" ni jibu, na seva yetu inaweza kulitoa ndani ya sekunde moja hata kama dunia nzima nje imelala. Kiduara ndicho kinachomnyima mteja jibu. Kinazunguka vilevile kazi inapoendelea na kazi inapokuwa imekufa.

Hoja nyingine nzito: yapo mambo yasiyoweza kuahirishwa. Kweli. Tangu Mei 2019 laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole, na kidole kinapaswa kulinganishwa na kumbukumbu za NIDA. Huwezi kumpa mtu laini leo ukamhakiki wiki ijayo. Kiti cha treni ya SGR nacho, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, hakiwezi kuuzwa kwa watu wawili wanaosubiri uthibitisho. Lakini gawanya kazi na utaona. Kiti kiko kwenye hifadhidata ya muuzaji mwenyewe: anaweza kukishikilia kwa abiria papo hapo, akampa muda maalumu wa kulipa, na muda ukiisha kiti kirudi sokoni. Cha nje ni malipo tu. Usajili wa laini nao una fomu na picha, vyote vinaweza kupokelewa na kutunzwa, kikabaki kidole peke yake kinachongoja. Pale pasipogawanyika kabisa, weka kikomo kifupi cha kusubiri na useme wazi nani hajajibu. Nakubali kwamba baadhi ya mambo lazima yangoje. Nakataa kwamba kwa sababu hiyo kila kitu kingoje.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya kampuni kubwa zenye mashine mia. Hapana. Jedwali moja kwenye MySQL au PostgreSQL, lenye safu ya namba ya kipekee, hali, idadi ya majaribio na saa ya jaribio lijalo. Programu moja ndogo inayoamka mara kwa mara kusoma jedwali hilo. Kikomo cha sekunde chache kwenye kila ombi la nje. Hivyo vinakaa kwenye seva ya bei ya chini kabisa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa TEHAMA pale Mzumbe au SUA anaweza kuvijenga akielekezwa vizuri. Viwili vya kuongeza: majaribio yaachane kwa muda unaorefuka na wenye bahati nasibu ndani yake, ili mfumo wa nje unapoamka usivamiwe na wote kwa mpigo ukaanguka tena, na kuwe na sakiti breka, kama alivyoieleza Michael Nygard kwenye kitabu chake cha 2007, inayokata mawasiliano na API iliyoshindwa mara nyingi mfululizo na kuijaribu kidogokidogo mpaka ipone.

Kinacholeta ugumu ni mahali pengine. Ni rahisi kusema "si mfumo wetu". Mei 2021 wateja wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, walikwama kwa siku kadhaa wakishindwa kununua umeme, foleni zikajaa kwenye ofisi za TANESCO, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dkt. Medard Kalemani, akaagiza watendaji wa TEHAMA wa shirika wasimamishwe kazi. Mjadala wa nchi ukawa nani asimamishwe. Tokeni ya LUKU hutengenezwa na mfumo mmoja wa kati, na hakuna muuzaji anayeweza kuitengeneza mwenyewe, hilo linaeleweka. Lakini kati ya mtambo ule na mama mwenye nyumba kuna benki, kampuni za simu, mawakala na programu chungu nzima, na kila moja ina uamuzi wa kufanya mtambo unapozubaa: kuchukua pesa au kutoichukua, kutunza oda au kuitupa, kusema ukweli au kuandika "jaribu tena". Mjadala ule haukuwepo. Kila aliye katikati alionyesha kidole kwenye mtambo wa kati na kunyamaza.

Na mifumo ya kutegemeana inaongezeka. Fomu moja ya kuomba mkopo wa elimu ya juu inagusa namba ya mtihani ya NECTA, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na ada inayolipwa kwa kontroli namba. Ni jambo jema taasisi ziongee. Mwananchi asibebe nakala za vyeti kutoka dirisha hadi dirisha. Lakini tuhesabu. Ukurasa mmoja ukitegemea mifumo mitano kwa wakati mmoja, na kila mmoja ukawa hewani asilimia 99 ya muda, ukurasa wako utakuwa mzima kama asilimia 95 tu: mtu mmoja kati ya 20 atagonga ukuta, ingawa hakuna taasisi hata moja iliyofanya vibaya. Ukiongeza taasisi za kuunganishwa bila kubadili namna ya kuunganisha, unaongeza watu wa kuambiwa warudi kesho.

"Njoo kesho" ina bei. Msichana aliyeshuka kutoka Mgeta amelipa nauli ya gari la milimani, ameilipa stationari kwa saa ile, amenunua bando la simu yake ili aangalie meseji. Akirudi Mgeta bila kitu, kesho analipa yote upya, au analala mjini kwa ndugu ambaye hakumtarajia. Kama tungempa namba ya kumbukumbu kwenye karatasi na kumwambia fomu yake imepokelewa, angepanda gari jioni ile na kusubiri meseji akiwa kwao. Fomu ingeisubiri API. Yeye angekuwa anachuma kabichi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoigombania, na sioni ni kwa haki ipi mtengeneza programu anajipunguzia jedwali moja na mistari mia mbili ya msimbo kwa kumtwisha mtu huyu nauli mbili.

Ninazo hoja mbili kwa wanaonunua mifumo, kwa kuwa wao ndio wenye kalamu ya kusaini. Mosi, msikubali tena kwenye ripoti ya mradi sentensi inayosema kasi ya mfumo itategemea mifumo ya nje. Ombeni badala yake mtengenezaji aeleze, kwa kila API anayoiunganisha, mteja ataona nini ikichelewa sekunde 5, ikichelewa saa moja, na ikipotea siku nzima. Asiye na majibu hayo hajasanifu, ameunganisha tu.

Pili, kabla ya kulipa awamu ya mwisho, fanyeni jaribio. Mwambieni fundi azibe njia zote za kwenda kwenye mifumo ya nje kwa saa moja. Halafu waleteni wahitimu halisi wa kidato cha sita, na simu zao na bando zao, wajaze fomu wote kwa pamoja. Angalieni kama kila mmoja anapata jibu ndani ya sekunde chache. Angalieni kioo kinasema nini, na kama kinasema "imeshindikana" mahali ambapo hakuna anayejua. Waambieni wengine wabofye mara tano kwa hasira. Baada ya saa moja fungueni njia, ondokeni, na rudini asubuhi kuhesabu: fomu zilizoingia zilingane na watu waliojaza, na aliyebofya mara tano awe amekatwa ada mara moja. Hesabu zisipolingana, msilipe.